Habari za Bi Pindo, na Jinsi Farasi Aitwaye Shemeji Alivyouzingira Mlango wa Halmashauri

Sogeeni, enyi mlioketi, nanyi mliosimama mtafute pa kuegemea. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na mwenye safari aiahirishe, maana ninalolileta mbele yenu si la kusikilizwa kwa sikio moja. Mmesimuliwa habari za miji iliyoanguka kwa moto, na za wafalme waliovuka majangwa wakinywa jasho lao. Hayo ni madogo. Mimi nawaletea habari za siku ile farasi mmoja alipousimamia mlango wa halmashauri asibanduke, chai ya waheshimiwa ikapoa nje ya ngome, na mwanamke mmoja mwenye sindano kifuani akasafiri, akiwa juu, kutoka mlangoni hadi stoo: mwendo ambao kuku huumaliza kabla hajameza punje, ila yeye aliumaliza akaingia katika historia.

Kwanza mjue shujaa ni nani. Ni Bi Pindo, fundi cherehani, mtiisha vitambaa, mkata mashati, mwenye kidole gumba kisichoogopa chuma. Miguu yake ilijiuzulu angali msichana, na tangu hapo makao yake ni kiti cha magurudumu. Kwa kuwa yeye aliketi huku dunia imesimama, aliwajua watu kwa viuno vyao. Mtajie jina la mtu, atakuambia hamfahamu. Mwoneshe mkanda wake, atakueleza mwenyewe alinenepa mwaka gani, akakonda kwa huzuni ipi, na suruali ile imepanuliwa mara ngapi. Siri za viuno vya mji mzima zilikuwa mikononi mwake, wala hakuwahi kutoa hata moja.

Wa pili katika habari hizi ni farasi. Alikuwa mweupe, lakini weupe wake ulikuwa wa shuka lililofuliwa sana. Aliletwa kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali akae siku mbili, akakaa. Akala, akalala, akanenepa, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwuliza ataondoka lini. Ndipo wakamwita Shemeji.

Katika uwanja huo watu wenye ulemavu walifundishwa kupanda farasi. Alikuja mwalimu mstaafu aliyepooza upande, alikuja binti asiyesema ila hucheka, na kila wiki bila kukosa alikuja Bi Pindo. Aliyewafundisha alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana mrefu mwenye miguu kama mikasi, ambaye watu walimwita Mkufunzi. Basi ilijengwa pale njia ya mbao yenye mteremko. Kiti cha magurudumu hupandishwa mpaka kiwe sawa na mgongo wa farasi, na mpandaji huteleza kutoka kitini hadi kwenye tandiko. Naye Shemeji alifundishwa jambo moja, moja tu: akiuona mteremko, ajiegeshe ubavu kwa ubavu nao, asimame kama ukuta, asitikisike mpaka mtu aliyetoka juu ya mteremko ameketi vizuri na kusema, "Twende." Nzi atue puani, radi ipasue mti, Shemeji hasogei. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, na kwa elimu hiyo alikuwa profesa.

Majani, pumba na kutengeneza kwato vililipwa na halmashauri, kwa fungu dogo lililotengwa kila mwaka. Fungu hilo lingekatika, Shemeji angerudi kwa mwenyewe, na mwenyewe alikwisha kuzungumza na mtu wa mikokoteni ya mchanga. Na Bi Pindo je? Kabla ya farasi huyo, nyonga zake zilikuwa zimekazana kama pindo lililoshonwa mara tatu, na usiku alikesha akibishana na maumivu. Mwendo wa Shemeji, ule wa bembea bembea, ulikuwa umezifumua nyonga zile uzi kwa uzi, mpaka mama huyu akapata usingizi wenye kukoroma. Mkiniuliza vita hivi vilipiganiwa nini, jibu ni hilo: mkoromo wa fundi.

Sasa sikilizeni kosa, maana hakuna vita visivyo na kosa. Halmashauri ilipotenga fungu lile haikupata pa kuliweka. Farasi hakuwa barabara, hakuwa shule, hakuwa dawa. Basi wakamtia katika kundi la vifaa saidizi, pamoja na magongo, fimbo nyeupe na viti vya magurudumu. Na sheria ya vifaa ni kali kuliko sheria ya ndoa: kila kifaa kinachogharimiwa na umma sharti kifikishwe stoo, kikaguliwe kwa macho, kikaandikwe namba kwa rangi nyeupe, kabla kamati ya fedha haijafunga kikao chake cha mwisho wa mwaka. Kifaa kisicho na namba hakipo, na kisichokuwepo hakilishwi. Hakuna aliyegutuka kwamba safari hii kifaa kina mkia.

Habari zilimfikia Bi Pindo asubuhi ya kikao chenyewe, akiwa amebana pini tatu midomoni.

"Shangazi," alisema Mkufunzi, anahema, "wanataka tumpeleke Shemeji stoo. Leo hii. Akapigwe namba."

Bi Pindo akatoa pini, moja moja. "Namba ya nini? Anagombea?"

"Asipopata namba kabla kikao hakijafungwa, fungu limekufa."

Hapo fundi akasukuma cherehani kando, akachomeka sindano yenye uzi mweusi kifuani pa gauni lake, kama jemadari avaavyo upanga, akanena: "Basi mtie hatamu. Nimewavalisha watu suti za kuzikiwa, nimewavalisha za kuolewa. Leo nitamvalisha farasi namba. Nani kafa kwa kwenda stoo?"

Wakaenda. Mbele Shemeji, kichwa kinaitikia kila hatua kama mzee anayekubaliana na hotuba. Ubavuni Mkufunzi, ameshika hatamu. Nyuma Bi Pindo, magurudumu yanalia kwa kukosa mafuta, na kilio hicho kilikuwa baragumu la jeshi lote.

Jengo la halmashauri limeinuliwa juu ya msingi mrefu, na mbele ya mlango wake zipo ngazi. Pembeni ya ngazi umejengwa mteremko wa zege kwa ajili ya viti vya magurudumu, mteremko mzuri, uliozinduliwa kwa utepe na makofi. Ila tangu siku ya makofi haukupandwa na gurudumu lolote. Chini yake palikaa vyungu vya maua, vikubwa kama mapipa. Katikati ilikaa mashine ya fotokopi iliyokufa. Na Bi Pindo kila alipokuwa na shida na serikali, alisemeshwa akiwa chini, uani, na mtu aliyeinama dirishani. Stoo yenyewe iko upande wa kulia, nyuma ya wavu, na njia ya kuiendea inapita hapo hapo mbele ya ngazi.

Njia inapita mbele ya ngazi, nanyi mnajua Shemeji alifundishwa nini.

Aliuona mteremko. Masikio yakasimama. Akamburuta Mkufunzi kwa heshima zote, akajiegesha ubavu kwa ubavu na zege, kichwa kikaelekea mlango, makalio yakazifunga ngazi, akashusha pumzi ndefu ya mfanyakazi aliyefika kazini, akawa ukuta.

"Msogeze," alisema mlinzi, aliyekuwa amevaa koti la baridi katika jua.

"Hasogei," alisema Mkufunzi. "Mpaka mtu apande."

"Basi panda wewe!"

Mkufunzi akarukia tandiko kutokea chini. Shemeji akamgeuzia jicho moja, jicho la karani anayemwona mtu ameruka foleni, na hakusogea. Mkufunzi akashuka. Mlinzi akamvuta farasi; hatamu ikanyooka, Shemeji hakunyooka. Akamsukuma kwa bega. Koti likajaa manyoya. Akampa karoti, karoti ikaliwa, msimamo ukabaki.

Wakati huo huo alitokea mama wa chai, machupa mawili mkononi na sinia la vitafunio kichwani. Alitazama makalio yaliyofunga ngazi, akasimama.

"Pita tu, mama, hana neno," Mkufunzi alisema.

"Mimi nyuma ya farasi sipiti. Nina watoto."

Na hapa, enyi wasikilizaji, muelewe uzito wa jambo. Kamati ya fedha tangu iundwe haikuwahi kufunga kikao kabla ya chai. Walikwisha kugombana, walikwisha kushitakiana, mwaka mmoja walirushiana viti. Lakini chai kwanza, halafu ndipo kikao hufungwa. Kwa hiyo makalio ya Shemeji yalikuwa yamesimamisha serikali.

Dirisha likafunguka, na ndani yake akatokea Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya fedha, simba wa mafungu, mkata bajeti, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Nani ameleta mnyama hapa?"

"Si mnyama, Mheshimiwa," Bi Pindo alijibu kutoka chini. "Ni kifaa. Mmeandika wenyewe."

"Bi Pindo! Ni wewe?" Sauti ilipungua kidogo, maana mtu hamkaripii fundi wake bila kufikiri. Kisha akakumbuka kuwa wajumbe wanamsikia, akaipandisha tena. "Nisikilizeni, wananchi! Farasi ni starehe! Farasi ni anasa ya watu wenye nafasi! Mji una mitaro iliyoziba, nanyi mnakuja kuniomba nilishe farasi ili watu wapate kubembea? Hapana! Chai ikishanywewa kikao kinafungwa, na kifaa kisicho na namba kitafutwa, kiwe na miguu miwili au minne!"

Bi Pindo akainua shingo, kama alivyoinua maisha yake yote.

"Mitaro naitaka sana, Mheshimiwa. Wewe ukitumbukia unatumbukia peke yako. Mimi natumbukia na kiti. Lakini gongo la jirani yangu mlilinunua, hamkumwambia anaringa. Fimbo ya asiyeona mliinunua, hamkusema anachezea. Hiki changu kinakula majani, basi kimekuwa anasa? Mimi siombi kubembea. Naomba nilale usiku."

Mjumbe mmoja ndani akasikika: "Kweli, lakini chai iko wapi?"

"Mtoeni huyo farasi!" alinguruma Mwenyekiti.

"Anatoka nikipanda," Bi Pindo alisema. "Na nitapanda mkiondoa vyungu."

Mlinzi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Vyungu haviguswi bila ruhusa ya mtunza stoo. Vina namba. Fotokopi ina namba. Mimi mwenyewe hapa nina namba."

"Mwite basi mtunza stoo!"

Akaitwa. Jibu lilitoka nyuma ya wavu, sauti ya mtu aliyeshika brashi na kopo la rangi tangu asubuhi: "Siruhusiwi kuacha stoo mpaka kifaa kimefika!"

Tazameni basi ngome ilivyojifunga yenyewe. Mtunza stoo hatoki mpaka farasi afike. Farasi hafiki mpaka fundi apande. Fundi hapandi mpaka vyungu viondoke. Vyungu haviondoki mpaka mtunza stoo atoke. Na katikati ya duara hilo, machupa mawili ya chai yanapoa taratibu. Majemadari wa kale wangelia. Matumbo ya wajumbe yalilia.

Ndipo njaa ikafanya ambalo hotuba haikuweza. Mlango ukafunguka kwa kishindo, Mheshimiwa Mwenyekiti akatoka barazani, akakunja mikono ya shati, akatangaza: "Nitaviondoa mimi! Anayetaka kunishitaki anishitaki, kwanza ninywe chai!" Akaushuka mteremko, akaipita fotokopi kwa ubavu, akakikabili chungu cha kwanza kama shujaa anavyolikabili joka.

"Mheshimiwa," Bi Pindo alisema, kwa sauti ndogo ya dukani. "Piga magoti, usiiname. Huko nyuma nilikuachia nafasi ndogo."

"Usinifundishe kunyanyua chungu!"

Akainama. Akakumbatia. Akanyanyua.

Sauti iliyofuata, wapo wanaosema ilisikika kiwandani, na matofali mawili yakapasuka kwenye tanuri. Mimi nasema ilisikika mpaka sokoni, lakini sina haja ya kutia chumvi. Ilikuwa sauti ya mshono wa nyuma ukiaga dunia, kuanzia mkanda hadi mahali pasipotajwa.

Mwenyekiti akakiweka chungu kando, polepole, kwa adabu. Akageuka. Akarudi kinyumenyume juu ya mteremko, akaegemea ukuta wa baraza, akabaki hapo amebandikwa kama tangazo. Wajumbe wenye njaa, bila kujua msiba uliotokea, walitoka wakaviviringisha vyungu vingine, wakaisukuma fotokopi hadi chini ya mti, wakarudi ndani kuingoja chai. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya utepe, mteremko ulikuwa wazi.

"Bi Pindo," Mwenyekiti alinong'ona. "Una sindano?"

"Ninayo."

"Na uzi?"

"Mweusi. Kama suruali yenyewe."

"Dada yangu, njoo unishone. Siwezi kuingia kikaoni hivi. Nikigeuka tu nimekwisha."

Mkufunzi alikuwa amekisukuma kiti hadi juu, na sasa shujaa wetu alikuwa kati ya farasi na Mwenyekiti, kulia ubavu mweupe, kushoto tumbo la serikali. Tazameni jaribu! Akimshona kwanza, Mheshimiwa ataingia, farasi bado hana namba, chai itapatikana kwa njia yoyote, na kikao kitafungwa.

Bi Pindo akaigusa sindano, akaiacha.

"Kwangu watu hushonewa kwa foleni, Mheshimiwa. Shemeji ametangulia."

Akaweka mikono juu ya tandiko. Mkufunzi akamshika kiunoni, akahesabu pumzi naye, na fundi akateleza kutoka kitini kama kitambaa cha hariri kinavyoteleza mezani. Akaupitisha mguu wa kulia kwa mikono, akajiweka sawa, akanyoosha mgongo. Shemeji hakutikisika hata unywele.

Kisha akamtazama Mwenyekiti, naye kwa mara ya kwanza alikuwa chini.

"Ee!" alisema Bi Pindo. "Mheshimiwa! Kumbe una upara!"

Mwenyekiti akajipapasa utosini.

"Miaka yote hii nakushonea," alisema fundi, kwa mshangao wa kweli, "kiuno chako nakijua kuliko mkeo. Huku juu sijawahi kufika. Umeanza lini?"

"Zamani," alisema Mwenyekiti, taratibu. Akainua uso kumtazama. "Na mimi sijawahi kukuona ukinitazama bila kukunja shingo. Una uso mwingine kabisa."

"Uso ni huu huu. Ulikuwa unauona kwa juu." Akashika hatamu. "Twende."

Na Shemeji akaenda! Enyi milima, sogeeni kando! Ngazi zikafunguka, mama wa chai akapita mbio na kusema asante kwa Mungu, mlinzi akapiga saluti bila kuamriwa na mtu. Bi Pindo, mpanda ukuta, mfumuliwa nyonga, aliyekuwa ameujua mji huu kwa mikanda, alipita akiona vichwa: mlinzi ana kovu utosini, mama wa chai amesuka mistari ya nyoka, na juu ya paa la halmashauri, mahali pasipoonwa na mtu aliye chini, kuna mpira wa watoto uliosahauliwa. Akacheka peke yake.

Huko stoo, mtunza stoo alisimama wima, brashi mkononi.

"Kifaa kimefika," alitangaza kwa huzuni. "Naandika wapi? Sheria inasema mahali panapoonekana, pasipofutika kwa urahisi."

"Ubavuni usithubutu," alisema Bi Pindo. "Yeye si gari la takataka."

Akajaribu begani. Brashi ilipogusa, ngozi ya Shemeji ikatetemeka kwa mtekenyo, na namba ikajikunja kama mkia wa kinyonga. Akafuta. Akajaribu shingoni; Shemeji akaonja brashi. Mwisho mtunza stoo akapiga magoti, akauinua ukwato wa mbele, na juu ya ukwato huo mgumu, mweusi, akaandika kwa mwandiko safi: namba arobaini na moja, inayofuata jozi ya magongo na kutangulia kiti kibovu.

Waliporudi, Mwenyekiti alikuwa bado ukutani. Wajumbe walikuwa wamekwisha kunywa chai na kumwita mara kadhaa, naye kila mara alijibu kwamba anapunga upepo. Shemeji akajiegesha tena ubavu kwa ubavu na mteremko, akawa ukuta, na nyuma ya ukuta huo, pasipoonekana na dirisha wala lango, Mheshimiwa akageuka. Bi Pindo akainama kutoka kwenye tandiko akashona. Alishona mshono wa mara mbili, juu ya meza iliyotulia kuliko meza yake ya dukani.

"Usikaze."

"Sijakaza."

"Umekaza, Mheshimiwa. Pumua. Nisikilize: vyungu visirudi."

"Havitarudi."

"Haya." Akakata uzi kwa meno.

Mwenyekiti akaingia ndani kwa hatua za mtu mzima aliyevaa vizuri. Mjumbe mmoja akamwuliza habari za fungu la farasi, kama lifutwe. Madirisha yalikuwa wazi, nasi tuliokuwa nje tulisikia jibu, nalo ni fupi kuliko hotuba zake zote.

"Kifaa nimekiona," alisema. "Kinafanya kazi. Tufunge kikao."

Naam, ndivyo ulivyoanguka mlango wa halmashauri, bila mshale, bila damu, kwa kupoteza mshono mmoja tu. Siku ile tulioshuhudia tulikuwa kiasi cha kujaza benchi. Leo hii ukiuliza, mji mzima ulikuwepo, na kila mmoja alishika hatamu.

Lakini ukwato, ndugu zangu, huota kama kucha. Mtengeneza kwato alipokuja na kisu chake, namba arobaini na moja ikadondoka chini vipande vipande, na kifaa kisicho na namba, mnajua, hakipo. Mtunza stoo alipoambiwa alishika kichwa. Kisha akaichukua brashi. Kwa hiyo kila kwato zikikatwa, Bi Pindo hupanda tena, huja mjini akiwa juu, Shemeji hujiegesha kwenye mteremko kwa ada yake, na mama wa chai, akisikia tu kwato kwa mbali, hupitisha sinia mapema. Mteremko uko wazi hadi leo. Ukipita hapo ukauona mtupu, vua kofia, maana hapo ndipo serikali ilipongoja zamu yake kwa fundi.

Usiku Bi Pindo anakoroma. Majirani wamelalamika halmashauri, na Mwenyekiti amewajibu kwamba mkoromo ule umepitishwa na kamati. Kiuno cha Mheshimiwa nacho, nasikia, kimeongezeka tena. Ila hilo ni la fundi na mteja wake, wala hamtalipata kwangu.